Kusahau kwa Wazee Wetu

Wanachama wenzetu, kurasa hizi zimezoea khabari za miche, bei na uanikaji. Safari hii twaomba ruhusa tuseme jambo la majumbani, ambalo lahusu mashamba yetu kuliko linavyodhaniwa.

Tutoe mfano. Mzee amekodisha mikarafuu yake, karafuu zingali mtini, akapokea fedha. Wiki mbili baadaye akamkodisha mtu mwingine miti ile ile. Wa kwanza akija na wachumaji wake, amkuta wa pili keshatandika majamvi. Hapo patasemwa kuwa mzee ni mlaghai. Mtu aliyewekewa amana na mji mzima aitwa mwizi mbele ya wajukuu zake! Huenda kweli ni tamaa, hatukatai. Lakini kabla ya kumpeleka kwa Sheha, yafaa tuulize: je, zile fedha za kwanza anakumbuka kwamba alizipokea?

Uzee una usahaulifu wake, nao si ugonjwa. Mtu wa miaka 70 akisahau jina la mgeni, kisha akalikumbuka jioni, hapana neno. La kutia wasiwasi ni pale anapopotewa na lile alilolizoea. Aliyeanika karafuu tangu ujana wake aziacha uani mvua ikinyesha, wala haoni kosa. Aliyekuwa akiwahesabia wachumaji pishi zao kwa kichwa ashindwa kuhesabu kumi. Auliza swali moja mara tano kabla chai haijesha. Apotea njia ya shambani kwake. Aficha fedha, kisha awatuhumu watoto kuwa wamemwibia. Tena mara nyingi mwenye kusahau kwa uzee hujua kwamba amesahau na hucheka; lakini mwenye maradhi hajui, na wanaojua ni walio karibu naye. Ndiyo maana twaandika haya kwa vijana pia.

Wakubwa wetu walisema mzee amepiswa. Wengine husema amerogwa, na hapo fedha huenda kwa waganga na wakati ukapotea. Madaktari huiita hali hii dimenshia, nayo huletwa na maradhi mbali mbali ya ubongo. Lililo kubwa ni lile lililoelezwa mwaka 1906 na daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer. Jingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, na hapo presha na sukari vina sehemu kubwa. Wala si maradhi ya Wazungu peke yao. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi katika vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ukaona kwamba yapata 6 katika kila 100 wanayo.

Mtu atauliza: ikiwa ugonjwa wa Alzheimer hauna dawa ya kuuponya, hospitali twendeani? Twende kwa sababu si kila kusahau ni ugonjwa huo. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawa, huzuni nzito baada ya kufiwa, dawa za usingizi, yote haya huweza kumfanya mzee aonekane amepiswa, nayo yana matibabu. Tena liko moja la kwetu wakulima. Aliyeanguka akagonga kichwa, hata akainuka na kwenda zake, damu huweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, na usahaulifu ukaonekana baada ya wiki kadhaa. Daktari asipoambiwa khabari ya kuanguka, atajuaje? Na mzee akichanganyikiwa ghafula, kwa siku moja au mbili, hilo si la kungoja: apelekwe siku ile ile, kwani huenda ni homa au kiharusi.

Sababu ya pili ni mali. Wasia hutakiwa kwa mtu mwenye akili timamu, na maradhi haya hayaondoi akili kwa siku moja, huacha nafasi. Nafasi hiyo itumike. Mzee atembezwe mipakani pamoja na watoto na majirani, aonyeshe mwenyewe mti wa mwisho. Madeni na amana ziandikwe, na mikarafuu isikodishwe ila mbele ya mashahidi wawili na katika daftari moja. Twajua watoto huona haya kulianza jambo hili, wasije wakaambiwa wanauwania urithi mzee angali hai. Basi na aanze ndugu wa mzee, au imamu wa msikiti wake.

Na masikio pia yaangaliwe. Mwaka 2024 wataalamu wa jarida la Lancet walikadiria kwamba karibu 45 katika kila 100 za dimenshia zingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, na katika sababu walizozitaja zimo uziwi, presha, sukari, sigara na upweke.

Juu ya upweke twaongeza neno. Mzee aliyekatazwa kupanda miti mara nyingi huachwa nyumbani peke yake msimu mzima. Mikono yake ingali yajua kuchambua makonyo. Na aketi jamvini na wachambuzi, apewe pakacha lake, na anayehesabu pishi awe mwingine.