Kumtia Punda Alama: Chuma cha Moto Si Njia ya Pekee

Punda akiibwa, mkokoteni husimama, maji hayafiki nyumbani na mapato ya siku hupotea. Wizi uliongezeka nchini baada ya machinjio ya punda kufunguliwa mwaka 2016 kwa ajili ya biashara ya ngozi. Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji huo, lakini hofu ya wizi haijaisha. Ndiyo maana baadhi ya wafugaji huwapiga punda wao chapa kwa chuma cha moto. Kabla hujawasha moto, soma maelezo haya.

Chapa ya moto hufanya nini?

Chuma huunguza ngozi hadi tabaka la ndani, kisha kovu hubaki mahali ambapo nywele hazioti tena. Punda huvumilia maumivu bila kuonyesha. Kwa hivyo, akitulia baada ya kupigwa chapa haimaanishi kwamba haumii. Kidonda huvutia nzi na kinaweza kuoza, hasa chapa ikiwekwa mahali ambapo kamba au matandiko ya mkokoteni husugua. Mnyama aliyeumizwa pia hujifunza kuogopa watu, na kumshika kwa matibabu huwa kazi ngumu.

Je, chapa husomeka?

Si kila mara. Utafiti kuhusu farasi uliochapishwa mwaka 2013 ulikagua farasi 248 waliokuwa na chapa ya moto. Wakaguzi watatu wote waliweza kusoma sawasawa namba ya tarakimu mbili kwa chini ya asilimia 40 ya farasi hao. Kovu hupanuka mnyama anavyokua, na nywele hulifunika. Mfugaji anaweza kumuunguza punda wake na bado akashindwa kuthibitisha kwamba ni wake.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Kutia Chapa Mifugo (Sura ya 357) inaweka utaratibu wa kusajili chapa. Usijitungie herufi na kuzichoma tu. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama (Sura ya 360) nayo inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima.

Njia nyingine ni zipi?

• Picha na maelezo. Mpige punda picha upande wa kushoto, wa kulia, mbele na nyuma. Punda wengi wana mstari mweusi mgongoni unaokatana na mwingine mabegani, kwa hivyo mstari huo pekee hautoshi. Andika pia jinsia, umri, rangi ya mdomo, makovu ya zamani na umbo la masikio. Hifadhi nakala kwa jirani au kwenye chama chenu.

• Chipu ya utambulisho. Ni kidude kidogo kama punje ya mchele, chenye namba ya tarakimu 15. Daktari wa mifugo hukiingiza shingoni kwa sindano. Mwizi hakioni, lakini namba husomwa kwa kifaa maalum. Hakikisha namba hiyo imeandikwa pamoja na jina lako, kwani chipu isiyo na rekodi haisaidii.

• Chapa ya baridi. Chuma hupozwa sana kwa naitrojeni ya maji, na nywele zinazoota baadaye huwa nyeupe. Maumivu yake ni madogo kuliko ya moto, ingawa yapo, na alama haionekani vizuri kwa punda mweupe. Ifanywe na mtaalamu pekee.

Usikate masikio ya punda ili kumtambua. Ni kumuumiza, na mwizi anaweza kuongeza mkato wake juu ya wako.

Ufanye nini sasa?

Anza na picha leo. Zinahitaji simu tu. Unaponunua punda, dai hati ya mauzo yenye jina la muuzaji na maelezo ya mnyama. Mlaze punda ndani ya boma usiku. Akipotea, piga ripoti mara moja kwa polisi na kwa chifu, ukiwa na picha na hati zako mkononi. Ikiwa punda wako tayari ana kidonda cha chapa, kisafishe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, usikipake oili ya gari, kisha umwite afisa wa mifugo wa wadi yako. Afisa huyo pia atakueleza ni huduma zipi za utambulisho zinazopatikana karibu nawe.