Taswira ya Watayarishaji wa Maudhui ya Watu Wazima katika Vyombo vya Habari: Uuzaji wa Hiari na "Picha Zilizovuja"

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna vyombo vya habari katika jamii mbalimbali vinavyowasawiri watu wanaouza mtandaoni, kwa hiari yao, picha na video zao za ngono. Hoja yake ni kwamba jina analopewa mtu katika habari huamua swali atakaloulizwa na umma. Kwa wanahabari wa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee, kwani msamiati uliozoeleka haumtenganishi aliyeuza picha zake na aliyesambaziwa bila ridhaa.

2.0 Uingereza na Myanmar

Mtandao wa OnlyFans ulianzishwa London mwaka 2016, nao hukata asilimia 20 ya mapato ya mtayarishaji. Agosti 2021 kampuni ilitangaza kwamba ingepiga marufuku maudhui ya ngono ya waziwazi, kisha ikabatilisha uamuzi huo kabla ya juma moja kwisha. Nchini Uingereza habari hiyo ilijitokeza hata katika kurasa za biashara: uongozi ulieleza shinikizo la benki, nao watayarishaji wakahojiwa kama wafanyakazi wanaohofia kipato. Magazeti ya udaku ya nchi hiyohiyo, kwa upande wake, hupendelea visa vya utajiri wa ghafla au vya mtu kufukuzwa kazi.

Nchini Myanmar, Septemba 2022, mwanamitindo mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 6 kwa kuweka picha zake katika mtandao huohuo, kwa shitaka la kudhuru utamaduni na heshima. Vyombo vya habari vya nje viliongeza kwamba aliwahi kuwa daktari na alishiriki maandamano ya kupinga mapinduzi ya kijeshi ya 2021. Kazi ileile, basi, humfanya mtu kuwa mfanyakazi, mvunja maadili au mpinzani wa serikali, kutegemea anayesimulia.

3.0 Afrika Mashariki

Katika vichwa vya habari vya Kiswahili, kauli iliyozoeleka ni "picha za utupu zavuja". Kitenzi *vuja* hakihitaji mtenda. Pakacha huvuja, paa huvuja, na lawama hubaki kwa chombo chenyewe. Picha hazivuji, huvujishwa. Kauli hiyo humficha msambazaji na kumwacha mwenye picha peke yake mbele ya wasomaji, kana kwamba ndiye aliyezitangaza.

Athari zake si za kinadharia. Uganda ilipitisha Sheria ya Kupinga Ponografia mwaka 2014, na mwaka huohuo waziri wa maadili alitaka msanii wa kike, ambaye picha zake zilisambazwa bila ridhaa yake, akamatwe. Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vya msingi vya sheria hiyo mwaka 2021.

Sheria za majirani zinatofautiana. Kifungu cha 37 cha sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta na mtandao ya 2018 kinamlenga anayesambaza picha ya faragha ya mtu mwingine. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 kinakataza uchapishaji wa ponografia kwa jumla, bila kuuliza picha ni za nani. Mwandishi anayetumia neno moja kwa hali zote mbili hawezi kumweleza msomaji tofauti hiyo.

4.0 Hitimisho na Mapendekezo

Kutenganisha hali hizi si kuhalalisha biashara yoyote. Jamii ina haki ya kujadili maadili yake. Inapendekezwa miongozo ya uhariri itumie *vujishwa* au *sambazwa bila ridhaa* pale ambapo mwenye picha hakukubali, na *uza* au *chapisha* pale alipoamua mwenyewe. Washauri wa sera nao wadai tofauti hiyo katika takwimu na miswada. Bila hivyo, aliyedhulumiwa ataendelea kuogopa kushitaki, akijua kwamba jina la mkosaji limekwisha kuwa lake.