Viwanja vya gofu kando ya bahari: safari inayoanzia Nakaloke

Kutoka Nakaloke hadi Mombasa ni karibu kilomita 1,000 kwa barabara. Mji huu mdogo ulio kando ya barabara ya Mbale kwenda Soroti, mlima Elgon ukiwa upande wake wa mashariki, hauna pwani wala ziwa. Lakini Mbale, iliyo jirani, ina kiwanja cha gofu cha mashimo 9, na aliyejifunzia hapo haichukui muda kabla hajayaona kwenye televisheni mashindano ya The Open, yanayochezwa kila Julai kwenye fukwe za Uingereza. Anaona nyasi zilizokauka, mawimbi, bendera zinazopigwa na upepo, na kiwanja kisicho na mti hata mmoja. Anatamani kufika. Akisikia kwamba viwanja vya namna hiyo ni vingi, vimepangana pwani kwa pwani, anatamani kuvicheza vyote.

Tamaa hiyo inatimizika, mradi mtu asianze na orodha ya majina makubwa. Safari ya viwanja vingi hupangwa kwa kufuata upepo, majira na nguvu za miguu. Majina huja baadaye.

Kwanza ni vizuri kujua kinachotafutwa. Viwanja vya kale vya Uskoti viko kwenye ukanda wa mchanga kati ya bahari na mashamba. Ardhi ile haikufaa kwa kilimo, ikaachiwa kondoo. Nyasi zake ni fupi na ngumu, na mvua ikinyesha maji huzama mara moja, kwa hiyo ardhi hubaki kavu na imara. Mpira ukitua haugandi. Unadunda, unaviringika, unafuata mteremko hadi kwenye mashimo ya mchanga yenye kuta ndefu kama za kisima. Watu wamecheza huko kwa karne nyingi: mwaka 1457 bunge la Uskoti lilipiga marufuku gofu na kandanda kwa sababu vijana walikuwa wakiacha mazoezi ya upinde na mishale. Idadi ya mashimo 18 nayo ilitoka huko, pale St Andrews walipopunguza mashimo yao kutoka 22 mwaka 1764. The Open yenyewe ilianza mwaka 1860 huko Prestwick ikiwa na wachezaji 8 tu, na hadi leo haijawahi kuchezwa penginepo ila kwenye viwanja vya ufukweni.

Pwani ya Afrika Mashariki haina ardhi ya aina hiyo. Chini kuna mwamba wa matumbawe, juu kuna mibuyu na minazi. Kilichopo ni bahari yenyewe na upepo wake, na hivyo ndivyo vinavyomsumbua zaidi mchezaji aliyekulia bara. Ndiyo maana mtu wa Mbale anafanya busara akiteremka kwa hatua: ziwa kwanza, kisha Bahari ya Hindi, kisha Uskoti.

Hatua ya kwanza: ziwa

Jinja iko kilomita 150 hivi kutoka Mbale. Kiwanja chake cha mashimo 9 kiko kando ya Ziwa Viktoria, karibu na mahali Mto Nile unapoanzia, na kimepata sifa duniani kwa sababu ya viboko. Mnyama huyu hutoka majini usiku kuja kula majani, na asubuhi wachezaji hukuta ameacha nyayo zake katikati ya njia ya mchezo. Unyayo wa kiboko kwenye udongo uliolowa ni shimo la kutosha kuumeza mpira wa gofu, ambao upana wake hauzidi sana milimita 42. Basi klabu ikajiwekea kanuni: mpira ukitumbukia ndani ya unyayo wa kiboko, mchezaji anauokota na kuudondosha pembeni bila kutozwa mkwaju. Ng'ambo ya ziwa, Nyanza Club ya Kisumu ilikwenda mbali zaidi enzi za ukoloni. Mpira ukisimama karibu mno na kiboko au mamba, mchezaji aliruhusiwa kudondosha mwingine mahali salama, naye hakuadhibiwa.

Kanuni hizi zina somo kubwa kwa mwenye kupanga safari. Kila kiwanja kina sheria zake za nyumbani, mara nyingi zimechapwa nyuma ya kadi ya kuandikia mikwaju. Anayecheza kiwanja kimoja kila wiki huzijua kwa kichwa. Anayezunguka viwanja kumi hana budi kuzisoma kila asubuhi kabla ya mkwaju wa kwanza.

Entebbe nayo ina kiwanja cha mashimo 18 kinachoteremka kuelekea ziwani, kimojawapo cha vya kale kabisa Afrika Mashariki, kilichoanza mwanzoni mwa karne ya 20. Jinja na Entebbe kwa pamoja zinampa mtu wa Mbale nafasi ya kujifunza upepo wa ziwani, ambao mchana huvuma kutoka majini kwenda nchi kavu. Mkwaju wa kuupenya upepo ule unafundishika. Mpira unawekwa nyuma kidogo, karibu na mguu wa kulia kwa anayetumia mkono wa kulia. Mikono inashika fimbo chini zaidi. Inachaguliwa fimbo ya kupeleka mbali kuliko umbali unaohitajika, kisha inarushwa nusu tu, taratibu. Mpira unapita chini, unatua mapema, unakimbia. Anayepiga kwa nguvu zote huufanya mpira uzunguke sana, ukapanda, na upepo ukaurudisha.

Hatua ya pili: Bahari ya Hindi

Mganda anavuka mpaka wa Malaba kuingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa, mpango ambao Uganda, Kenya na Rwanda zimeufuata tangu 2014. Kutoka Nairobi, treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, inafika Mombasa baada ya saa tano au sita. Anayeshuka nayo anateremka pia kimo chote cha bara, na jambo hili linagusa mchezo moja kwa moja. Mbale iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi na mpira huruka mbali zaidi, takribani asilimia moja kwa kila mita 300. Mchezaji aliyezoea kufika mita 150 kwa fimbo fulani atajikuta Mombasa akipungukiwa na mita tano au sita, na hapo bado upepo haujahesabiwa.

Upepo wa pwani una kalenda yake. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, joto likiwa kali. Kusi hushika zamu baada ya hapo, hupata nguvu kati ya Juni na Agosti, na huleta hali ya hewa ya baridi kidogo. Aprili na Mei ni masika, viwanja hulowa na ratiba huvurugika. Anayetaka likizo ya jua aende Januari au Februari. Anayejiandaa kwa ajili ya Uskoti aende wakati wa kusi, apigwe na upepo barabara.

Mpangilio wa viwanja ufuate ramani. Mombasa Golf Club, iliyoanzishwa 1911, iko kisiwani, juu ya jabali la matumbawe upande wa Mama Ngina. Ina mashimo 9, na meli zinazoingia bandari ya Kilindini hupita chini yake karibu sana hivi kwamba mchezaji anasoma jina la meli ubavuni. Mpira uliopotea kulia au kushoto kwingineko hutafutwa vichakani. Hapa ukivuka ukingo umekwenda baharini. Kiwanja hiki kinafaa siku ya kwanza, baada ya uchovu wa treni.

Siku ya pili ni ya Nyali, mashimo 18, ng'ambo ya daraja. Kisha Vipingo, kwenye kaunti ya Kilifi, ambako mchoraji David Jones wa Ayalandi ya Kaskazini alipitisha kiwanja cha Baobab kati ya mibuyu juu ya tuta linaloitazama bahari. Hapo ndipo wanawake wa kulipwa wa Ulaya walipocheza Magical Kenya Ladies Open: Mjerumani Esther Henseleit alishinda 2019, Mhindi Aditi Ashok 2023, na Shannon Tan wa Singapore 2024. Mtu wa kawaida anaweza kulipa ada yake na kusimama palepale walipopigia.

Baada ya Vipingo ipumzishwe miguu siku nzima. Mzunguko mmoja wa mashimo 18 ni mwendo wa kilomita nane au zaidi, juani. Kisha ndipo mtu avuke kwenda kusini, kwa kivuko cha Likoni au kwa barabara ya Dongo Kundu, hadi kiwanja cha Leisure Lodge, Diani, ambako misitu ya kando ni makao ya mbega. Mwenye muda anaweza kuongeza Zanzibar, penye kiwanja cha mashimo 9 cha Sea Cliff.

Hatua ya tatu: Uskoti

Kuna waliocheza viwanja vingi mno huko. Mwandishi Mmarekani Tom Coyne alizunguka Uskoti akacheza viwanja 107 kwa siku 57, akaandika kitabu kilichotoka 2018. Hesabu yake iliwezekana kwa sababu ya mwanga: mwishoni mwa Juni jua la St Andrews hukaa angani zaidi ya saa 17, na mizunguko miwili kwa siku inaingia. Kwa Mganda, anayeishi na saa 12 za mchana mwaka mzima, hilo ni jambo la kulipangia mapema, maana mwili huchoka kabla ya jua kutua.

St Andrews ina viwanja saba vya umma. Kile kikongwe, Old Course, hufungwa Jumapili, na wenyeji hutembea juu yake na watoto na mbwa wao. Siku nyingine nafasi nyingi hutolewa kwa kura: majina hupelekwa siku mbili kabla, na mchezaji sharti awe na uthibitisho wa hendikapu, yaani kipimo cha uwezo wake. Kwa hiyo anayekitaka kiwanja hicho akae St Andrews siku nne au tano, apeleke jina lake kila siku, na wakati akisubiri acheze vile vingine, ambavyo ni vya ufukweni vilevile na ada zake ni nafuu.

Anayetaka kuongeza viwanja vya kisiwa cha Ayalandi asisahau suala la viza. Kiwanja cha Royal Portrush kiko Ayalandi ya Kaskazini, kwa hiyo viza ya Uingereza inatosha. Vile vya Lahinch na Ballybunion viko Jamhuri ya Ayalandi, na Mganda anahitaji viza nyingine kabisa, hata kama kati ya nchi hizo mbili barabarani hakuna kizuizi. Safari ya kwanza ikikaa ndani ya Uskoti peke yake, fedha na karatasi zote hupungua.

Maandalizi ya nyumbani hayasubiri tiketi ya ndege. Hendikapu hupatikana kwa kurudisha kadi za mikwaju klabuni, Mbale au Tororo, ambako kiwanja kiko chini ya mwamba maarufu wa mji ule. Barua ya utambulisho kutoka klabu ya nyumbani ichukuliwe pia, kwa kuwa vilabu vingi vina mapatano ya kupunguziana ada, na vingi vya Kenya hutoza wakazi wa Afrika Mashariki kiasi kidogo kuliko mgeni wa mbali. Bei ziulizwe kwa maandishi miezi mitatu kabla. Fimbo zisizidi 14 kwenye mfuko, ndivyo sheria inavyosema, na anayekwenda pwani na Uskoti abebe koti la mvua, kofia, na mipira zaidi ya anayodhani itamtosha.