Je, Wajua? Siku ya 1 Januari Huwachanganya Watu Kwenye Kompyuta

Je, wajua kwamba wakimbizi wengi wa Kongo na Somalia waliohamia miji ya Marekani ya Louisville, Columbus na Buffalo wana siku moja ya kuzaliwa katika hati zao, yaani 1 Januari? Aliyejua mwaka tu, au aliyekadiriwa umri, mara nyingi aliandikiwa siku hiyo. Ndiyo maana kliniki au ofisi inayohamisha kumbukumbu zake, tuseme kutoka programu ya FileMaker kwenda ya Access, isimtambue mtu kwa jina na tarehe ya kuzaliwa pekee, bali pia kwa namba aliyopewa na mfumo wa zamani. Vinginevyo, akina Mohamed Ali wawili wa 1 Januari 1980 watageuzwa mtu mmoja, na dawa za huyu zitaingia katika faili la yule. Wapo watakaosema namba ya zamani ya mteja ni takataka ya mfumo uliokufa, na kwamba tusipolinganisha majina, aliyesajiliwa mara mbili atabaki watu wawili. Atabaki, ni kweli. Lakini nakala ya ziada huweza kuunganishwa baadaye, ilhali mafaili mawili yakishachanganywa, kuyatenganisha ni kazi ya kubahatisha. Namba ya zamani isafiri pamoja na data. Mwaka nao uandikwe kwa tarakimu nne: kwa kawaida Access huisoma 28 kuwa 2028, na bibi wa 1928 akaonekana bado hajazaliwa.