Mfuko ukikauka, dawa huachwa

Ukizichunguza kadi za wagonjwa wa shinikizo la damu wanaohudhuria kliniki mijini, mara kwa mara utakutana na jambo ambalo halimo katika vitabu vya udaktari. Mgonjwa aliyepimwa tarehe tano alikuwa na shinikizo la kuridhisha. Akirudi tarehe 27, limepanda kupita kiasi. Daktari mwenye haraka huongeza dozi, kumbe dozi haina kosa. Vidonge vilikwisha tarehe 19, na mshahara bado haujaingia.

Si rahisi mgonjwa kulisema jambo hili. Ukimuuliza kama anameza dawa atakujibu, "Ndiyo, daktari," kwa adabu tu. Ndiyo sababu mimi huuliza swali jingine: dawa zilikwisha tarehe gani? Hapo ndipo utasikia habari za kodi ya nyumba, karo, deni la dukani, stima, na mchango wa mazishi uliozuka ghafla. Mwenye nyumba hubisha hodi. Mwalimu humrudisha mtoto nyumbani. Shinikizo la damu halibishi hodi, na aghalabu haliumi, kwa hivyo ndilo linaloambiwa lingoje.

Mgonjwa basi huanza kuzivuta dawa, leo anameza, kesho anapumzika, ili zifike mwisho wa mwezi. Hii ni hatari. Shinikizo linalopanda na kushuka huendelea kuumiza moyo, figo na mishipa ya ubongo, na kiharusi huja bila taarifa. Baadhi ya dawa, kama vile atenololi, zikikatwa kwa ghafla zinaweza kumletea mwenye ugonjwa wa moyo maumivu makali ya kifua au hata mshtuko wa moyo. Nao wanaotegemea insulini, hasa walioanza kuugua wakiwa wadogo, wakikosa dawa hiyo kwa siku moja au mbili tu wanaweza kuzirai na kufa.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Mgonjwa wa kisukari huenda bado anazo dawa, lakini chakula ndicho kimepungua. Anayemeza glibenklamide au kujidunga insulini kisha akalala na chai ya rangi pekee, sukari yake inaweza kushuka usiku hadi atokwe na jasho, atetemeke na kupoteza fahamu. Utafiti uliofanywa katika jimbo la California, Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba miongoni mwa watu wa kipato cha chini, visa vya kulazwa hospitalini kwa sababu ya kushuka kwa sukari vilizidi kwa asilimia 27 katika wiki ya mwisho ya mwezi vikilinganishwa na wiki ya kwanza. Kwa wenye kipato kikubwa, tofauti hiyo haikuwepo. Ikiwa ni hivyo huko, msomaji anaweza kukisia hali ilivyo kwetu wakati wa Njaanuari.

Kwa sababu hiyo huwashauri wagonjwa wangu wanunue daftari la mtoto wa shule. Mwezi wa kwanza wasijibane wala wasipange bajeti yoyote. Waandike tu kila shilingi inayotoka, siku iyo hiyo, kabla ya kulala. Wengi hushindwa na bajeti kwa sababu huanza kwa kukata matumizi ambayo hawajawahi kuyahesabu. Taarifa ya M-Pesa husaidia, lakini haitoshi. Itakuambia ulitoa shilingi 1,000 kwa ajenti siku ya Jumamosi, haitakuambia zilikwenda wapi.

Fundi mmoja wa magari anayeugua kisukari aliniapia kwamba karo ndiyo inayommaliza. Daftari lake lilisema mengine. Karo ilikuwa pale, kubwa kweli, lakini alikuwa akiijua na kuiwekea pesa. Zilizomtoroka zilikuwa ada na riba za mikopo ya simu, aliyokuwa akiichukua kulipa mikopo mingine, pamoja na soda mbili kila siku gereji. Soda ya mililita 300 ina sukari inayokaribia vijiko vinane vya chai. Yaani alikuwa akinunua ugonjwa asubuhi na kukosa pesa za dawa jioni. Matumizi ya shilingi 100 kwa siku ni shilingi 3,000 kwa mwezi, na 36,000 kwa mwaka. Hesabu hii ni ya darasa la tatu, lakini mpaka mtu aione kwa mwandiko wake mwenyewe huwa haimwingii.

Mwezi wa pili ndipo bajeti huanza, na hapa nina msimamo mkali: dawa za ugonjwa wa kudumu hulipiwa siku ile ile pesa zinapoingia, pamoja na kodi ya nyumba. Nunua za siku 30 zote. Anayelipwa kwa siku, kama mwendeshaji wa bodaboda au mama mboga, hawezi kufanya hivyo. Yeye agawe bei. Dawa za shilingi 900 kwa mwezi ni shilingi 30 kwa siku, ziwekwe kando kabla ya chakula cha mchana. Na bajeti iwe na fungu la mazishi na wageni, kwa maana mambo hayo hayatakoma.

Mwambie daktari wako kiasi ulicho nacho. Si aibu, na kwake ni habari muhimu kama kipimo chenyewe. Huenda alikuandikia dawa kwa jina la kampuni, ilhali ipo nyingine yenye kiini kile kile kwa bei nafuu, na iliyosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Huenda pia nusu ya karatasi ni vitamini unazoweza kuziacha. Muulize waziwazi: kati ya hizi, ni ipi isiyoweza kungoja?

Kwenye daftari andika pia makato ya bima. Tangu Oktoba 2024, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwenye mshahara wa shilingi 40,000 hutoa 1,100 kila mwezi. Wengi hukatwa bila kujua ni kituo gani kilicho karibu nao kinachowahudumia kwa bima hiyo. Uliza huko kabla ya kwenda duka la dawa.

Kama unasoma ukurasa huu na dawa zako zimekwisha, usingoje mshahara. Nenda kituo cha afya kesho asubuhi ueleze hivyo hivyo. Zikiwa zimebaki chache, usivunje kidonge katikati kabla ya kuuliza, kwa sababu vipo vilivyotengenezwa kuyeyuka polepole tumboni, na kikivunjwa hutoa dawa yote kwa mkupuo mmoja. Na mwenye kisukari asiye na chakula cha jioni asimeze glibenklamide akalala. Ampigie daktari wake simu kwanza.