Nauli ya Meli Isiyong'oa Nanga: Kadi ya Mkopo na Haki ya Kurejeshewa Fedha (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi mkataba wa safari ya meli ya kitalii unavyofungwa: abiria hutoa malipo ya awali anapoweka nafasi, humaliza salio miezi kadhaa kabla ya siku ya kuondoka, na tangu hapo fedha zake hukaa mikononi mwa mwenye meli kwa ajili ya huduma ambayo bado haijaanza kutolewa. Sehemu hii ya pili inashughulikia swali linalofuata, yaani abiria afanye nini pale kampuni yenyewe inapofuta safari, ikaahidi kurejesha nauli, kisha miezi ikapita bila fedha hizo kuonekana. Njia inayochunguzwa ni kupinga malipo kupitia benki iliyotoa kadi, na mfano mkuu ni Marekani, ambako biashara ya meli za kitalii ina mizizi mirefu na ambako sheria ya kadi za mkopo imekwisha kupimwa kwa mtihani mkubwa. Itaonekana kwamba njia hii ina nguvu nyingi, lakini nguvu hiyo imefungwa katika mihula miwili isiyoanza siku moja, na abiria wengi hushindwa kwa kuuhesabu muhula usio wao, wala si kwa kukosa haki.

Mtihani huo ulikuja mwaka 2020. Mwezi Februari meli ya Diamond Princess, iliyokuwa na watu 3,711, iliwekwa karantini katika bandari ya Yokohama nchini Japani, na zaidi ya watu 700 miongoni mwao wakaambukizwa virusi vya korona. Tarehe 14 Machi kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitoa amri ya kuzuia meli za kitalii kuendelea na safari, amri ambayo mwanzoni ilikuwa ya siku 30 lakini ikaongezwa mara kwa mara hadi mwisho wa Oktoba mwaka huo. Kampuni za meli zikajikuta zinadaiwa na maelfu ya abiria kwa wakati mmoja, ilhali sehemu kubwa ya fedha zilizolipwa mapema ilikuwa imekwisha kuingia katika uendeshaji wa biashara. Ndiyo maana kadhaa kati yao ziliweka mbele ya abiria vocha ya safari ya baadaye yenye thamani ya asilimia 125 ya nauli, huku fedha taslimu zikibaki chaguo la pili, lenye kusubiri kwa wiki na miezi. Aliyetaka fedha zake na akachoka kusubiri aliigeukia benki yake.

Kupinga malipo ni jambo linalohitaji kueleweka kwa mpangilio wake. Malipo ya kadi hupita katika mikono mitano: mwenye kadi, benki iliyompa kadi, mtandao wa kadi kama vile Visa au Mastercard, benki inayompokelea mfanyabiashara malipo, na mfanyabiashara mwenyewe. Mwenye kadi anapowasilisha pingamizi, benki yake hulipeleka dai kupitia mtandao hadi kwa benki ya mfanyabiashara, na dai likikubaliwa fedha hurudi kwa njia ileile ziliyopitia kwenda. Kampuni ya meli hupewa nafasi ya kujitetea kwa maandishi na vielelezo, na pande mbili zisipokubaliana mtandao wa kadi wenyewe huamua kama msuluhishi. Jambo la kuzingatia ni kwamba benki haiamui kama abiria alitendewa vibaya kwa jumla. Huamua swali finyu, nalo ni kama huduma iliyolipiwa ilitolewa au haikutolewa, na kama haikutolewa, nani alipaswa kurejesha fedha na lini.

Pingamizi hilo lina misingi miwili ambayo watu wengi huichanganya, na mchanganyiko huo ndio chanzo cha hasara nyingi. Msingi wa kwanza ni sheria ya nchi. Nchini Marekani, sheria inayosimamia haki katika ankara za mikopo ilipitishwa na Bunge mwaka 1974 kama nyongeza ya sheria ya mwaka 1968 inayowalazimu wakopeshaji kueleza masharti yao kwa uwazi. Sheria hiyo inatambua kile inachokiita kosa la ankara, na katika tafsiri ya kosa hilo imeingiza malipo ya bidhaa au huduma ambayo haikutolewa kama ilivyokubaliwa. Mteja hutakiwa kuiandikia benki barua ndani ya siku 60 tangu benki ilipomtumia ankara ya kwanza yenye kosa hilo. Benki hutakiwa kukiri kuipokea ndani ya siku 30, na kumaliza uchunguzi ndani ya vipindi viwili vya ankara visivyozidi siku 90. Katika muda huo mteja halazimiki kulipa kiasi kinachobishaniwa, wala benki hairuhusiwi kumtangaza kuwa mdaiwa sugu kwa sababu ya kiasi hicho.

Kwa mnunuzi wa jokofu au viatu kinga hiyo hutosha, kwa kuwa kati ya kulipa na kupokea bidhaa hupita siku chache tu. Kwa abiria wa meli hali ni tofauti kabisa. Chukulia abiria aliyemaliza salio la nauli mwezi Desemba 2019 kwa safari ya Aprili 2020, akapokea ankara ya malipo hayo siku za mwanzo za Januari. Sheria ikisomwa neno kwa neno, siku zake 60 zilikwisha siku za mwanzo za Machi, kabla hata amri ya CDC haijatolewa na kabla kampuni haijatangaza kufuta safari. Huyu ni mtu ambaye muhula wake wa kulalamika ungekwisha kabla hajawa na jambo la kulalamikia.

Sheria hiyohiyo ina kifungu kingine kinachomruhusu mwenye kadi kutumia dhidi ya benki hoja ambazo angeweza kuzitumia dhidi ya mfanyabiashara, lakini nacho kina masharti yasiyomfaa sana abiria wa meli. Bei lazima izidi dola 50, ununuzi uwe umefanyika katika jimbo analoishi mteja au ndani ya maili 100 kutoka nyumbani kwake, awe amejaribu kwa nia njema kuelewana na mfanyabiashara, na juu ya yote kifungu kinahusu tu sehemu ya deni ambayo bado haijalipwa. Matokeo yake ni kinyume cha mategemeo, kwa sababu mteja mwaminifu aliyelipa deni la kadi yake lote kila mwezi hubaki bila kitu cha kuzuia, ilhali aliyelimbikiza deni hubaki na cha kushikilia.

Msingi wa pili ni kanuni za mitandao ya kadi, na hapa ndipo abiria wengi wa mwaka 2020 walipopata nafuu. Kanuni hizi si sheria ya Bunge bali ni makubaliano baina ya mtandao na benki wanachama wake, na tofauti yake kubwa ni siku ya kuanza kuhesabu. Katika kanuni za Visa kuhusu huduma isiyotolewa, muhula ni siku 120 zinazohesabiwa tangu siku huduma ilipotarajiwa kutolewa, ilimradi siku 540 tangu malipo yalipopitishwa zisizidi. Mastercard nayo hutumia muhula wa siku 120 katika madai ya aina hiyo. Kwa abiria wa mfano uliotangulia, hesabu haianzi Januari bali siku ya Aprili ambayo meli ilipaswa kuondoka. Kanuni hizi pia huenea hadi kwenye kadi za kawaida zinazochota fedha moja kwa moja katika akaunti, jambo ambalo sheria ya mwaka 1974 haifanyi. Udhaifu wake ni kwamba hazimpi mteja haki ya kuishtaki benki kwa msingi wa kanuni hizo, kwa kuwa yeye si mshiriki wa makubaliano hayo. Benki ikikataa kulipeleka dai lake mbele, mteja hubaki na njia ya kulalamika kwa mamlaka za usimamizi tu.

Uingereza ilichagua njia nyingine katika mwaka uleule wa 1974. Kifungu cha 75 cha sheria yake ya mikopo ya walaji huifanya benki iliyotoa kadi ya mkopo iwajibike pamoja na muuzaji pale mkataba unapovunjwa, mradi bei ya kitu kilichonunuliwa inazidi pauni 100 na haizidi pauni 30,000. Hapa mteja hana haja ya kukimbizana na siku 60 wala 120, kwa sababu dai lake ni la mkataba na lina muda wa kawaida wa madai ya mikataba, ambao katika England na Wales ni miaka sita. Aidha, kanuni za mwaka 2018 kuhusu safari za vifurushi, yaani safari zinazounganisha usafiri, malazi na huduma nyingine kwa bei moja, zinamtaka mwandaaji arejeshe fedha ndani ya siku 14 safari inapofutwa. Hata hivyo kifungu cha 75 kina mtego wake: ni lazima kuwe na uhusiano wa moja kwa moja baina ya mteja, benki na muuzaji, na wakala anayepokea malipo kwa jina lake mwenyewe anaweza kuukata uhusiano huo.

Suala la wakala linastahili kuzingatiwa hata nje ya Uingereza. Pingamizi huelekezwa kwa yule ambaye jina lake limo katika ankara kama mpokeaji wa fedha. Ikiwa aliyepokea ni kampuni ya meli, dai huiendea kampuni. Ikiwa ni wakala, dai humwendea wakala, ambaye mara nyingi amekwisha kupeleka fedha kwa kampuni na hana tena kitu mkononi. Ankara husema jambo ambalo tiketi na kijitabu cha matangazo havisemi, na kwa hiyo ndiyo karatasi ya kwanza kusomwa.

Yapo pia mambo yanayoliua dai ambalo vinginevyo lingeshinda. La kwanza ni kukubali vocha, kwa kuwa abiria aliyebofya kitufe cha kuipokea huonekana amebadilishana haki yake ya fedha kwa haki ya safari nyingine, na kampuni huwasilisha kumbukumbu ya kukubali huko kama utetezi wake. La pili ni abiria kujitoa mwenyewe kwa hofu siku chache kabla kampuni haijafuta safari, kwani hapo hutumika masharti ya faini ya kujitoa, wala si masharti ya huduma isiyotolewa. La tatu ni kudhani kwamba safari iliyobadilishwa njia imefutwa, ilhali mikataba ya meli kwa kawaida humpa mwenye meli uwezo wa kuruka bandari au kubadilisha njia. Abiria anayesimama imara ni yule mwenye tangazo la kampuni la kufuta safari, ombi lake la maandishi la kurejeshewa fedha lenye tarehe, jibu la kampuni au ushahidi wa kimya chake, na ankara yenye malipo yenyewe. Waswahili wamekwisha kusema kuwa mali bila daftari huisha bila habari, na benki haina namna ya kuamua isipokuwa kwa daftari hilo.

Thamani ya njia hii huonekana zaidi pale kampuni inapoanguka kabisa. Mwezi Januari 2022 meli ya Crystal Symphony ya kampuni ya Crystal Cruises, iliyokuwa ikirudi Miami, ilibadilisha njia na kwenda Bimini katika visiwa vya Bahama baada ya mahakama ya Marekani kutoa amri ya kuikamata kwa deni la mafuta. Kampuni mama, Genting Hong Kong, ilikuwa imekwisha kuomba kufilisiwa, na Crystal Cruises ikafuata mwezi uliofuata. Abiria anayeidai kampuni iliyofilisika husimama nyuma ya wadai wenye dhamana, lakini pingamizi la kadi huihamishia hasara benki iliyompokelea mfanyabiashara malipo, na hii ndiyo sababu benki za aina hiyo huzuia sehemu ya fedha za kampuni za meli kama akiba zinapohisi hatari. Kwa safari zinazoanzia bandari za Marekani ipo kinga ya ziada: sheria ya mwaka 1966 inazitaka kampuni zenye meli za vitanda 50 au zaidi kuweka dhamana ya kifedha mbele ya Tume ya Shirikisho ya Usafiri wa Majini. Baada ya uchunguzi ulioanza mwaka 2020 chini ya kamishna Louis Sola, Tume hiyo iliweka wazi mwaka 2022 kwamba safari iliyofutwa, au iliyocheleweshwa kwa siku tatu au zaidi, huhesabiwa kuwa haikutolewa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, sheria za Washington na London hazivuki bahari kumfuata mwenye kadi iliyotolewa Nairobi au Dar es Salaam, lakini kanuni za mitandao ya kadi humfikia, kwa kuwa benki yake ni mwanachama wa mtandao uleule. Anayelipa kwa uhamisho wa benki, au kumtumia wakala fedha kwa simu, hutoka nje ya utaratibu huo na hubaki na mkataba pekee. Kwa hiyo uchaguzi wa chombo cha kulipia ni sehemu ya mkataba wenyewe, na abiria anayelipa leo kwa safari ya mwakani anapaswa kuandika tarehe mbili, ile ya ankara na ile ya meli kuondoka, kwa sababu kila moja hufungua mlango wake na kuufunga kwa wakati wake. Sehemu ya tatu itachambua bima ya safari, na kueleza ni katika hali zipi bima hulipa pale ambapo kadi hailipi.

Itaendelea toleo lijalo.