Ireland: Ballinrobe, mji mdogo kando ya maziwa uliozaa neno «boycott»

Uchaguzi unapokaribia hapa RDC, neno «boycott» halikosi kusikika redioni. Wengi wanadhani ni neno la Kifaransa. Kumbe ni jina la mtu. Aliishi kando ya ziwa, magharibi mwa Ireland, karibu na mji mdogo wa Ballinrobe.

Mji huo uko katika jimbo la Mayo, karibu kilometa 50 kaskazini mwa Galway. Una wakaaji 3,000 hivi. Mto Robe unapita mjini na kumwaga maji yake katika Ziwa Mask. Jina lenyewe la mji, kwa lugha ya Kiirlandi, lina maana ya «mji wa Robe».

Maziwa matatu

Upande wa magharibi kuna Ziwa Mask, kaskazini kuna Carra, na kusini Corrib. Corrib ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya Jamhuri ya Ireland, lakini kwa mtu wa Goma au Bukavu ni dogo: lina kilometa za mraba karibu 176, na Ziwa Kivu linalizidi mara 15.

Watu wanakuja huku hasa kwa ajili ya samaki anayeitwa truite kwa Kifaransa. Kila Agosti wavuvi kutoka nchi mbalimbali wanashindana kwa ndoana katika Ziwa Mask. Ziwa Carra halina kina kirefu, na maji yake yana rangi ya kijani hafifu kwa sababu ya chokaa iliyo chini. Ukingoni mwake zimebaki kuta tupu za Moore Hall, jumba la kitajiri lililochomwa moto mwaka 1923, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Leo wenyeji wanatembea katika msitu unaolizunguka.

Ng'ambo ya Ziwa Mask kuna kijiji cha Tourmakeady. Huko bado kuna wanaozungumza Kiirlandi, ingawa Kiingereza kimeenea karibu nchi nzima.

Vita bila bunduki

Nyumba ya Kapteni Charles Boycott ilikuwa karibu na Ziwa Mask. Alisimamia mashamba ya Lord Erne, tajiri aliyeishi mbali, kaskazini mwa kisiwa. Wakulima walilima ardhi isiyo yao na kulipa kodi kila mwaka. Asiyeweza kulipa alifukuzwa yeye na watoto wake. Mkulima wa Masisi au Kalehe anaijua hali hiyo bila kuelezwa.

Mavuno ya mwaka 1879 yalikuwa mabaya. Mwaka uliofuata wakulima waliomba kodi ipunguzwe kwa asilimia 25. Lord Erne alikubali 10 tu. Septemba 1880, barua za kuwafukuza zilipoanza kugawanywa, wanawake waliwarushia wajumbe matope na mavi ya ng'ombe mpaka wakakimbia.

Siku chache kabla ya hapo, mwanasiasa Charles Parnell alikuwa amewaambia wakulima wasimpige mtu anayechukua shamba la jirani aliyefukuzwa. Wamtenge tu: wasimsalimie, wasimuuzie kitu. Watu wa Ballinrobe na kijiji cha The Neale walimfanyia hivyo Boycott. Vibarua wake waliacha kazi, maduka yakakataa kumuuzia, na hata barua zake zikawa tabu kufika. Si wote waliofanya hivyo kwa hiari, wengine walitishwa.

Mnamo Novemba walikuja watu 50 kutoka Cavan na Monaghan kumvunia viazi na mazao mengine, wakilindwa na askari wapatao 1,000. Inakadiriwa kwamba serikali ilitumia pauni zaidi ya 10,000 kuokoa mavuno ya pauni 500 hivi. Mwanzoni mwa Desemba Boycott alivuka bahari kwenda Uingereza. Padri John O'Malley wa The Neale ndiye aliyependekeza jina la kapteni litumike kuitia silaha hiyo mpya. Magazeti yakalieneza.

Hata hivyo, wakulima hawakupata ardhi siku ileile. Sheria ya 1881 iliweka utaratibu wa kodi ya haki, na ile ya 1903 iliwawezesha wengi kununua mashamba kwa mkopo wa serikali. Ilichukua zaidi ya miaka 20.

Mfereji usio na maji

Kusini zaidi, kati ya Mask na Corrib, kuna kijiji cha Cong. Wageni wanakuja kuona magofu ya abasia yake ya kale na ngome ya Ashford, ambayo sasa ni hoteli ya kifahari. Wengi pia wanakijua kwa filamu ya The Quiet Man ya mwaka 1952.

Lakini usiondoke bila kuuona mfereji mkavu. Ulichimbwa kati ya 1848 na 1854 na watu waliokuwa na njaa, ili wapate chochote cha kula, baada ya ugonjwa kuharibu viazi vya nchi nzima. Mawe ya chokaa hayashiki maji. Mfereji ulivuja, na hakuna meli iliyowahi kupita.

Njaa hiyo iliua watu karibu milioni moja Ireland, na zaidi ya milioni wengine wakahama. Mwaka 1841 Mayo ilikuwa na wakaaji karibu 389,000. Hesabu ya 2022 ilikuta karibu 138,000.

Kwa anayetaka kufika

Ireland haimo katika eneo la Schengen. Mkongomani mwenye visa ya Ubelgiji au Ufaransa anapaswa kuomba visa nyingine ya Ireland kabla ya kupanda ndege. Kutoka Dublin basi linakwenda Galway kwa saa kama tatu, na kutoka Galway unaendelea hadi Ballinrobe kwa barabara. Kati ya Mei na Septemba siku ni ndefu zaidi. Koti la mvua ubebe mwezi wowote.